Indaksheni kazini: zile tiki unazoweka siku ya kwanza, kuna siku utasomewa mbele ya kikao

Mzee wa Getipasi (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike kaitwa kazini, anaripoti Jumatatu kiwanda kimoja huko Barabara ya Nyerere, idara ya stoo. Jana usiku kanipigia, "kaka, kwenye barua wameandika siku ya kwanza ni indaksheni, ndo nini hiyo, na nivae nini?" Nikacheka kwanza, halafu nikanyamaza, maana mimi mwenyewe wakati naanza nilidhani indaksheni ni chai na sambusa, unatembezwa, huyu anaitwa fulani, huyu fulani, choo kile pale, karibu sana, basi. Nimeona bora nimuandikie hapa ili na wengine mumuongezee, maana mna mengi.

Nilianza kazi 2013 kama msaidizi wa stoo, kampuni jina nalihifadhi. Nimefika saa moja na nusu asubuhi nimechomekea, dada wa HR mwenye haraka zake kanipa fomu ya kurasa mbili, juu imeandikwa Orodha ya Mafunzo Elekezi kwa Mwajiriwa Mpya, vipengele 18, kila kimoja na kiboksi chake. Nimeonyeshwa milango ya dharura. Nimeelezwa taratibu za kupokea na kutoa mzigo. Nimesoma na kuelewa kanuni za nidhamu. Nimekabidhiwa vifaa vya kujikinga. Akaniambia weka tiki zote, saini hapa na hapa, ila tarehe andika ya juzi kwasababu odita anakuja kesho. Mimi nimetoka kukaa mtaani mwaka na miezi minne, ningeambiwa niandike tarehe ya kuzaliwa babu yangu ningeandika. Dakika tano nyingi, nimemaliza vipengele vyote 18 na sijaonyeshwa hata kimoja. Hizo sefti buti nilizotiki kwamba nimekabidhiwa nilikuja kuzipata mwezi wa tatu, namba 10 na mimi navaa 7, nilikuwa nikitembea buti zinafika kwanza mimi nafuata.

Sasa sikia. Mwezi wa tano, Ijumaa jioni, gari la mteja wetu wa kila siku limeingia, supavaiza yuko kwenye simu kaniambia kwa mkono tu, mtolee mtolee, getipasi (ile karatasi ya ruhusa ya mzigo kutoka getini) ataifuata Jumatatu. Nikamtolea katoni 40 za sabuni. Mlinzi kila siku ananiona na supavaiza, akafungua geti. Jumatatu mteja hajaja, Jumanne hajaja, Jumatano supavaiza anasema yeye hajamruhusu mtu. Nikapewa barua ya kujieleza ndani ya saa 48. Nikajieleza vizuri tu, nikaandika sikuwahi kuelezwa kwamba mzigo hautoki mpaka getipasi iwe na saini mbili, ya stoo na ya uhasibu. Na ilikuwa kweli, sikuwahi kuelezwa!

Kwenye kikao cha nidhamu yule yule dada wa HR akafungua faili akatoa ile fomu. Kipengele cha 7, taratibu za kupokea na kutoa mzigo. Akaniuliza hii tiki ni ya nani, na hii saini? Nikaiangalia tiki yangu wakuu, ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeiwekea na kamkia. Nikakosa la kusema. Kusema kwamba nilitiki bila kuelezwa ni kukiri kwamba nimesaini uongo, na tarehe yenyewe nimesaini ya siku ambayo nilikuwa bado niko nyumbani Mbagala nafua suruali. Nikapigwa onyo la mwisho kwa maandishi na makato miezi sita mfululizo.

Kwahiyo mdogo wangu ukisoma hapa, maana ya indaksheni ni hii. Kwa mwajiri ile karatasi ni ushahidi kwamba ulikuwa unajua, siku ukiharibu hawezi kuhangaika. Na wewe hiyo ndo siku pekee ambayo swali la kijinga ni bure. Ukiuliza leo getipasi inasainiwa na nani, watakuona una bidii. Ukiuliza mwezi wa nane watashangaa ulikuwa unatoaje mizigo. Soma kila kipengele, ambacho hujaonyeshwa usitiki, andika pembeni kwa kalamu "sijaonyeshwa" na uombe nakala, wakikataa piga picha. Vaa viatu vya kufunika vidole, nywele funga. Wadau ongezeni.

kapuku_jeuri

Mkuu pole ila mi naona indaksheni ni mbwembwe za maofisini tu. Mimi nimefanya kazi duka la vitambaa Kariakoo miaka minne, indaksheni yangu ilikuwa sentensi moja, "pesa inapokelewa na mimi, wewe shika mita". Ndani ya wiki mbili najua bei ya kila jora, najua mteja wa Kongo anataka nini na wa Zambia anataka nini. Kazi inafundishwa na kazi, hayo makaratasi yanawapa kula watu wa HR.

Mzee wa Getipasi

@kapuku_jeuri ndugu yangu bosi wako alikuwa amekaa mita mbili kutoka ulipo, kila ukikosea unapata tusi hapo hapo, hiyo ni indaksheni ya miaka minne bila mapumziko haha. Kiwandani mko watu 600, zamu tatu, nani ana muda wa kukutukana kwa wakati? Anakuja kukutukana wakati mzigo umeshafika Tunduma.

Mwana Kanda ya Ziwa

Dah umenikumbusha mbali. Mimi niko mgodini huku mwaka wa saba, niwaambie kitu, mgodini hakuna mtu anaitwa mgeni. Hata kama umeleta nyanya za jikoni au umekuja kufunga mtandao kwa masaa mawili, bila indaksheni hupati beji na bila beji geti halifunguki. Unakaa darasani, unaangalia video, halafu unapewa mtihani, ukifeli unarudia, ukifeli tena unageuza gari lako unarudi Kahama. Kabla ya hapo unapuliza kipima pombe, na kila siku asubuhi unapuliza, bosi anapuliza, wote mnapuliza.

Wengi wanaona usumbufu mpaka siku wanaposimama karibu na yale malori ya kubeba mawe, tairi tu limekupita urefu. Dereva kule juu upande wake wa kulia kuna eneo kubwa haoni kitu kabisa, pikapu nzima inaweza kupotea pale, ndo maana unafundishwa husogei mpaka umemuita kwenye redio akakujibu. Pia unapewa kufuli yako binafsi na tagi yenye picha yako. Ukiingia kutengeneza mashine unafunga umeme wake na hiyo kufuli, ufunguo unabaki mfukoni mwako, mko watu watano zinakaa kufuli tano, na mashine haiwaki mpaka wa mwisho katoa yake. Hiyo kitu @kapuku_jeuri huwezi kufundishwa na kazi, maana kazi ikikufundisha mara ya kwanza unakuwa huna mkono.

Sasa kinachonishangaza, nikirudi likizo mjini naona vijana wanaingizwa kwenye mashine za kukata mabati siku hiyo hiyo, kandambili miguuni, supavaiza anasema "utazoea".

Sista wa Zamu ya Usiku

Naomba nichangie kidogo japo inaniuma. Mimi ni nesi. Nilipangiwa hospitali moja tukiwa wapya kumi na mbili, indaksheni tulifanyiwa siku nzima ukumbini, soda na keki, tukaelezwa historia ya hospitali, waganga wafawidhi wote waliopita kwa majina, rangi ya sare, namna ya kumsalimia Mkurugenzi akipita. Siku ya pili nikaingia zamu ya usiku wodi ya wanaume tuko wawili. Saa tano na nusu usiku nimejichoma sindano niliyomtolea mgonjwa.

Nilijua kutoka chuo kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya masaa 72 na kila saa unayochelewa unajiumiza, hiyo kila nesi anaijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba HAPA, kwenye jengo HILI, naenda mlango upi. Mwenzangu naye mpya. Nikaenda maabara wakaniambia nenda CTC (kliniki ya wenye VVU), CTC wanafunga jioni, nikaenda famasi wakasema kabati lile lina ufunguo wake na mwenye ufunguo yuko Kimara, simu haipatikani. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Nikarudi nikaendelea na kazi na machozi, wagonjwa wanadhani nimefiwa. Nimemeza dozi ya kwanza saa mbili na nusu asubuhi, masaa tisa. Baadae nikaambiwa ohoo mbona kuna dozi za dharura zipo pale mapokezi ya wagonjwa wa dharura kwenye droo, kila mtu anajua. Kila mtu nani? Soda nilikunywa, keki nilikula, droo hakuna aliyeitaja.

Nilimaliza dozi siku 28, vipimo vyote salama, Mungu mkubwa. Ila sasa hivi wakija wapya mimi sisubiri ukumbi, nawashika mkono nawapeleka mpaka kwenye ile droo, nawaambia ifungue mwenyewe, haya ifunge.

kapuku_jeuri

Sista pole sana. Hapa nimenyoosha mikono.

Wakili wa Mtaani (sio wakili kweli, nimekaa sana kwenye korido za CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi)

Nimuongezee mwanzisha uzi upande wa sheria kwa sekta binafsi Tanzania bara, maana alipigwa bao ambalo angeweza kulizuia. Kuna Kanuni za Utendaji Bora za 2007, watu wanaziita GN 42 (namba ya tangazo lake la serikali). Kanuni ya 12 inasema mtu anapotaka kuachishwa kwa kosa la nidhamu, moja ya vitu vya kuangalia ni kama hiyo sheria aliyovunja alikuwa anaijua au kwa hali ya kawaida alitakiwa kuijua. Sasa mwajiri atathibitishaje kwamba ulijua? Kwa ile fomu yako yenye kamkia. Ndo maana HR makini anaitunza kwenye faili kama hati ya nyumba, kwahiyo mzee alivyosema kwamba ni ushahidi hajakosea hata kidogo.

Ila panga linakata pande zote. Kanuni ya 10 ya hiyo hiyo GN inazungumzia probesheni (kipindi cha majaribio), muda wake uwe wa kiasi na usizidi miezi 12, na mwajiri anatakiwa akufuatilie, akae na wewe mara kwa mara kukupima na kukuelekeza. Yani kukutupa tu stoo halafu mwezi wa tano kusema hufai, hapo naye ana maswali ya kujibu. Muwe waangalifu lakini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwenye chini ya miezi 6 na mwajiri huyo hana ule ulinzi wa kuachishwa isivyo halali, ndo maana wengine wanapenda kukutoa mwezi wa tano.

Na yale makato yako miezi sita, mkuu, ulikubali kwa maandishi? Kifungu cha 28 kinataka ukubali kwa maandishi kulipia hasara, uelezwe sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea kwamba hukuwa na kosa, na makato kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wako. Wengi wanakatwa nusu wananyamaza.

Kwa mdogo wako: siku hiyo ya kwanza aombe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kazi gani, anaripoti kwa nani, masaa, mshahara, likizo. Ni haki yake kifungu cha 15. Masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28 zikiwemo Jumapili zilizoangukia humo ndani. Halafu aulize NSSF (mfuko wa pensheni), aulize na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), ile mwajiri ndiye anachangia peke yake, akiona kwenye salari slipi kakatwa hela ya WCF ajue anaibiwa.

Mzee wa Getipasi

@Wakili wa Mtaani mkuu sikusaini popote kuhusu makato, walikuwa wanakata tu karibu nusu. Ungekuwepo 2013 ningekununulia kitimoto mwezi mzima.

Wakili wa Mtaani

Mimi Muislam mkuu, ninunulie samaki.

ticha_wa_porini

Serikalini je? Ngoja niwape. Ajira mpya za walimu, tumeripoti halmashauri tuko 43, mafunzo elekezi siku mbili ukumbini, afisa utumishi anasoma Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 kama anasoma risala. Kulikuwa na joto na projekta imekufa. Kwa kweli vitu vya maana vilikuwepo ila vilipita kama basi la mikoani: kwamba unakula kiapo, unaingizwa kwenye mfumo unapata cheki namba (namba yako ya utumishi) na bila hiyo hakuna mshahara, PSSSF (pensheni ya watumishi wa umma) unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 15, mwenye mkopo wa bodi (wa masomo ya chuo) anakatwa asilimia 15 ya mshahara, kipindi cha matazamio ni miezi 12 halafu unathibitishwa. Mwenzangu mmoja alilala hiyo sehemu ya mwisho, miezi 12 imeisha hakujaza chochote hakuomba chochote, amekuja kuthibitishwa mwaka wa tatu na madaraja yakawa yamempita.

Ila indaksheni yangu ya kweli alinipa mwalimu mmoja mzee niliyemkuta shuleni, kilomita 61 kutoka makao makuu ya wilaya. Siku nafika jioni kanipokea na boda, kanipeleka nyumba, kaniambia hii usilale chumba cha kushoto mvua ikinyesha, maji ni kwa mama fulani ndoo shilingi mia mbili, mtandao unapatikana pale kwenye mwembe tu. Halafu akaniambia kitu ambacho ukumbini kilisemwa na sikukisikia: barua yako yoyote ya kwenda kwa Mkurugenzi ipitie kwa mkuu wa shule kwanza, ukiruka hata kama una haki inarudi, na kila unachopeleka kigongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nina faili la nakala zenye mihuri mpaka leo, pesa yangu ya kujikimu niliyokuwa nadai nililipwa kwasababu ya huo muhuri, wenzangu waliopeleka kwa mdomo bado wanaambiwa mchakato unaendelea.

Na ule mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi, zamani ilikuwa OPRAS sasa ni PEPMIS, na hiyo nayo hatujaelekezwa vizuri, tunajazana wenyewe kwa wenyewe usiku kwenye mwembe.

jirani_wa_Nairobi

Salamu wadau, mimi ni jirani, nasoma tu kimyakimya siku zote. Huku Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inasema probesheni isipite miezi sita, wakitaka kuongeza ni lazima ukubali na nyongeza yenyewe isipite miezi sita tena. Kazini kwangu siku ya kwanza walitumia saa nzima kutuambia "sisi ni familia moja", hakuna mtu alitueleza payslip inasomwaje. Mwisho wa mwezi kijana karibu apigane na mhasibu, akiona SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, tozo ya nyumba asilimia 1.5, NSSF, PAYE (kodi ya mshahara), alidhani kampuni inamwibia. Dakika kumi za ubao zingetosha.

Mzee wa Getipasi

@jirani karibu sana. Na hilo la "sisi ni familia" huku pia lipo, familia ambayo baba mdogo anakutaka ujieleze ndani ya saa 48.

Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni kauliza kwani siku hizi nafanya nini. Niko upande wa pili wakuu, kampuni nyingine, mimi ndo nashika fomu. Na niseme ukweli wangu, mwaka jana kuna wiki walikuja vibarua 27 kwa mkupuo, odita anakuja keshokutwa, nimejikuta nasema "haya vijana tuwahi kidogo, wekeni tiki". Imetoka mdomoni kabla sijaisikia. Nikawakusanyia zile fomu nikazirudisha kwenye droo, odita akazikuta hazijajazwa na nikaandikiwa hoja. Sasa nawachukua watano watano, nawapeleka mpaka getini, namwambia mlinzi awaeleze yeye getipasi ya kweli inafanana vipi, maana mlinzi akishaeleza mwenyewe hawezi kuja kujifanya hajui.

kapuku_jeuri

Mkuu tunasubiri mrejesho wa mdogo wako, usije ukapotea kama wengine.

Mzee wa Getipasi

MREJESHO. Dogo kaenda. Fomu yao ina vipengele 22. Anasema dada wa HR kampa kalamu akatoka kwenda kuchukua chai, karudi kakuta tiki tisa tu na pembeni kwa mwandiko wake mzuri "sijaonyeshwa" mara kumi na tatu. Dada kamwangalia, kauliza umetumwa na nani wewe? Dogo kasema kaka yangu. Mimi tena!

Baada ya chakula cha mchana wakamuita mzee mmoja wa matengenezo amzungushe. Mzee anajua kila kona, kamuonyesha swichi kuu, mitungi ya kuzimia moto na namna ya kuangalia kama mshale uko kwenye kijani, kamuonyesha njia ya foklifti na mstari wa njano ambao mtu wa miguu hakanyagi. Vikabaki viwili. Wakafika nyuma ya stoo kwenye mlango wa dharura, kuna paleti za maboksi zimepangwa mpaka juu, dogo kachungulia katikati kaona kufuli. Kauliza ufunguo uko wapi baba. Mzee kajikuna, kasema anao fulani, yuko likizo Tanga. Halafu kamwambia binti weka tiki tu kwamba mlango umeuona.

Kaandika: nimeuona, umefungwa.